Bata mzinga wa 1960 na karanga za Mokambo

Kwenye ukurasa huu tumeshasoma historia ya reli, ya Union Minière, ya Gécamines, hata ya timu za mpira. Leo ninaleta historia ya kitu kidogo ambacho hakina sanamu mjini: ukungu wa kijani unaoota juu ya karanga na mahindi. Mimi ni mtu wa agronomie, kwa hiyo msishangae nikianzia shambani nikamalizia tumboni. Habari yenyewe ni ya kansa, hasa kansa ya ini, ile ambayo ku Mokambo haina jina. Mtu anakonda, macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa maji, na ndani ya miezi michache ameisha. Kwenye matanga watu wanasema chini chini: "Bamemuloga." Mwingine anasema alikula sumu kwa shemeji yake. Kuna familia ambazo mpaka leo hazisalimiani kwa sababu ya tumbo la namna hiyo.

Ajabu ni kwamba yule anayesema "alikula sumu" mara nyingine hayuko mbali na ukweli. Amekosea mpishi tu.

Tuanze migodini, maana sisi watu wa Katanga tunajua kusoma historia kwa njia ya mgodi. Kabla ya vita ya pili ya dunia, madaktari wa migodi ya dhahabu ya Johannesburg waliona jambo lisiloeleweka. Vijana waliotoka Msumbiji, watu wa miaka 20 na kitu au 30, waliochaguliwa kwa nguvu za miili yao, walikuwa wanakufa na kansa ya ini. Ulaya kansa hiyo ilikuwa nadra, na ilipokuja ilimkuta mzee. Daktari mmoja, Charles Berman, aliifuatilia habari hiyo miaka mingi, na mwaka 1951 akatoa kitabu kizima juu yake. Maelezo ya wakati ule yalikuwa mengi: eti ni damu ya Waafrika ilivyo, eti ni minyoo, eti ni njaa ya utotoni inayoharibu ini. Hilo la njaa lilikuwa na heshima kidogo, watu walilichunguza kweli. Hilo la damu lilikuwa ukoloni uliovaa koti jeupe.

Upande wetu, reli ilifika Sakania mwaka 1909 na Élisabethville mwaka 1910, na juu ya reli hiyo ulikuja unga. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa na watu wengi wa kulisha na mashamba ya karibu hayakutosha, kwa hiyo mahindi mengi yalitoka Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mfanyakazi alipewa posho: unga, maharagi, karanga, samaki, nyama, mafuta ya mawese. Hapo njo bukari ya mahindi ilishika mji. Walamba, ambao nchi hii ya Mokambo na Sakania ni yao, zamani walikuwa watu wa mtama. Sisemi hivyo kwa kulilia zamani, mtama nao unashika ukungu. Lakini mahindi na karanga ndivyo vitanda viwili ambavyo ukungu wetu unavipenda kuliko vyote, na historia ya mji ilituwekea vyote viwili kwenye sahani moja: bukari, na pembeni majani ya maboga yaliyopikwa na karanga za kutwanga, ile mboga ambayo wenzetu wa Mufulira wanaiita ifisashi. Na ni tamu, nani atabisha?

Sasa bata mzinga. Mwaka 1960, kule Uingereza, walianza kufa. Si mia, si elfu: walizidi 100,000 ndani ya miezi michache, na bata wadogo nao wakafuata. Kwa kuwa hakuna aliyejua sababu, ugonjwa ukaitwa X. Wakatafuta virusi, wakatafuta bakteria, hawakupata. Mwisho wakafika kwenye swali ambalo mama yeyote mwenye kuku angeuliza siku ya kwanza: walikula nini? Wote walikuwa wamelishwa chakula chenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Wataalamu wakasaga, wakachuja, wakajaribu kwa bata wadogo, na mwaka 1961 wakamkamata mwenyewe: kuvu anayeitwa Aspergillus flavus. Sumu yake ikapewa jina kwa kukatakata jina la mama yake: A ya Aspergillus, fla ya flavus, halafu toksini. Aflatoksini.

Na Brazil haikuwa peke yake. Karanga za Uganda zilipimwa wakati ule ule, zikakutwa na sumu hiyo hiyo. Mwaka 1961 tena, panya waliolishwa mashudu yale wakapata kansa ya ini. Hapo habari ikatoka kwenye ufugaji ikaingia hospitalini. Maana bata wa Uingereza alikula karanga mbovu miezi michache tu, lakini kuna watu Afrika waliokuwa wanazila tangu walipoachishwa ziwa.

Kilichofuata kilifanyika karibu na sisi, na kinaniuma kidogo kwamba chuoni nilikisikia kwa mstari mmoja tu. Kati ya mwezi wa 9 mwaka 1966 na mwezi wa 6 mwaka 1967, watafiti, kati yao Michael Hutt wa Makerere na Gerald Wogan wa MIT kule Marekani, walikusanya sampuli 480 za chakula nchini Uganda: maharagi, mahindi, mtama, karanga na vingine. Karibu 30 kwa kila 100 zilikuwa na aflatoksini, na kama 4 kwa kila 100 zilikuwa na kiasi cha kutisha kabisa. Walipoweka ramani ya chakula juu ya ramani ya kansa ya ini, majimbo yaliyokuwa na kansa nyingi yalikuwa pia na chakula kibovu zaidi. Walitoa matokeo yao mwaka 1971.

Lakini utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa Kenya, wa Peers na Linsell, mwaka 1973. Walichagua Murang'a. Nchi ile iko kwenye mteremko: juu kuna baridi, chini kuna joto, katikati ni katikati. Watu ni wa kabila moja, wanaongea lugha moja, wanalima vitu vinavyofanana. Na hawakupima magunia ya sokoni tu, walichukua chakula kilichokwisha kupikwa, kile kile kilichokuwa kinaenda mdomoni, pamoja na pombe ya kienyeji. Wakakuta kwamba chini kwenye joto sumu ni nyingi na kansa ya ini ni nyingi zaidi, na kadiri unavyopanda mlima vyote viwili vinapungua. Basi, yale maneno ya damu ya Waafrika yakaishia hapo. Damu ilikuwa moja, kilichotofautiana ni hewa ya ghala. Mwaka 1987, shirika la utafiti wa kansa la WHO, lile la Lyon, likaiweka aflatoksini kwenye kundi la 1, kundi la vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba vinaleta kansa kwa binadamu.

Mtu wa medicine atanisahihisha nikiishia hapo, na atakuwa na haki. Ini linapigwa na maadui wawili. Wa pili ni virusi vya hepatiti B. Kule Shanghai, watafiti waliwafuata wanaume 18,244 na kupima mikojo na damu yao. Matokeo ya 1994 ni haya: mwenye dalili za aflatoksini peke yake, hatari yake ya kansa ya ini ilikuwa kama mara 3 ya yule asiye na chochote. Mwenye hepatiti B peke yake, kama mara 7. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Rudieni kusoma. Si 3 kujumlisha 7. Virusi vinachoma nyumba, aflatoksini inamwaga mafuta. Kwa hiyo ile chanjo ya pentavalente ambayo mtoto anapewa kwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo mama anaiendea kwa miguu akibeba mtoto mgongoni huku baba anasema "ni homa tu atapata bure", ndani yake muko kinga ya hepatiti B. Ni chanjo dhidi ya kansa, ila hakuna anayeiita hivyo kwenye foleni.

Bon. Turudi Mokambo.

Karanga zetu zinapandwa mvua ikianza, mwezi wa 11 au wa 12, na zinang'olewa mwezi wa 3 au wa 4, wakati mvua haijaamua kama inaenda au inabaki. Hapo njo shida yenyewe inazaliwa. Karanga ikitoka udongoni ina maji mengi. Ili ilale salama lazima unyevu wa mbegu ushuke mpaka kama 7 au 8 kwa 100, na mahindi mpaka 13. Ikibaki juu ya hapo, kwenye joto letu, kuvu anafungua duka. Mtu anaanika chini kwenye udongo, usiku anasahau kufunika, asubuhi umande, mchana jua, jioni wingu. Halafu anaweka kwenye mfuko wa plastiki ule wa mbolea, ambao haupumui. Na kabla ya hapo, kama jua lilichoma shamba mwisho wa msimu, ganda lilikwisha kupasuka na kuvu aliingia tangu karanga iko chini. Ukame na mvua mbaya vinamfanyia kazi yeye.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa kwetu hapendi kuliandika. Ku soko, karanga inauzwa kwa meka au kwa kilo. Kuna wauzaji wanaonyunyizia maji mfuko usiku ili asubuhi uwe mzito. Nimewaona na macho yangu wakati wa stage, na niliambiwa nifunge mdomo kwa kuwa mimi ni mtoto wa wenyewe. Halafu kuna kuchagua. Kambo wangu alikuwa anakaa chini ya mwembe na ungo, anatoa karanga moja moja: iliyokunjamana, yenye doa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu. Ile kazi ya vidole vya wazee ndiyo njia bora ambayo sayansi imeipata mpaka leo kwa mtu asiye na mashine, maana sumu haisambai sawa kwenye mfuko. Karanga chache mbovu zinabeba sehemu kubwa ya sumu yote. Sasa swali: zile zilizotolewa zinaenda wapi? Kambo alizitupa. Ku soko hawatupi. "Iko muzuri tu, tutasaga." Zinasagwa, zinakuwa unga wa karanga kwenye kifuko kidogo cha bei nafuu, na kifuko hicho kinanunuliwa na nani? Na mama asiye na pesa, kwa ajili ya uji wa mtoto. Karanga nzuri nyeupe inaenda kwa mtu wa bia anayetafuna akiangalia mpira. Mbovu inaenda kwa mtoto wa miezi 8. Hapo ninakasirika, na sitajificha.

Wengine watasema: tutapika vizuri, moto utaua. Moto unamuua kuvu, ndiyo, lakini sumu yake inabaki. Aflatoksini safi haivunjiki mpaka joto lipite nyuzi 230 na kitu, na bukari inachemka kwa 100. Kukaanga karanga kunapunguza kidogo, hakumalizi. Na haina harufu wala ladha. Ukiona ukungu, umeona mwenye nyumba, lakini usipouona haina maana kwamba hakupita.

Kwa kawaida sumu hii inaua polepole, ndiyo maana hakuna anayeishitaki. Mara chache inaua haraka, na hapo magazeti yanaamka. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 Tanzania, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, wakafa 20. Na mwezi wa 8 mwaka 2024 ikawa zamu ya jirani yetu kabisa. Zambia ilikuwa imetoka kwenye ukame mkubwa, na mbwa wakaanza kufa, wakakadiriwa kufika 400. Serikali ikapima unga wa kampuni 25 za kusaga, na karibu nusu ya sampuli zikawa na aflatoksini nyingi kupita kiasi. Chapa kadhaa zikaondolewa madukani.

Mokambo iko mpakani. Unga wa Mufulira ni unga wetu. Mwezi ule niliwaona wamama wanafungua mfuko, wanachota kidogo, wananusa, wanafunga. Hakuna aliyewaambia kwamba pua haisaidii. Mzee mmoja akasema: "Bambwa njo balituonya." Mimi nikafikiri bata mzinga walikwisha kutuonya miaka 64 kabla.

Nisimame kidogo kwa Denis Burkitt, maana kila tukiongea juu ya chakula na kansa jina lake linatokea, na mara nyingi watu wanalitumia vibaya. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 akanunua gari kuukuu, akaondoka Kampala na wenzake wawili, akazunguka hospitali kwa hospitali mpaka Afrika Kusini na kurudi, kilomita kama 16,000 kwa wiki 10, akiuliza swali moja kila mahali: je, uvimbe huu mnauona hapa? Hakuwa na maabara ya ajabu. Alikuwa na picha, gari na subira. Baadaye, miaka ya 1970, akaja na wazo lingine: kwamba watu wa vijijini Afrika wanakosa kansa ya utumbo mpana kwa sababu chakula chao kina makapi mengi, kinapita tumboni haraka, wakati Mzungu anakula mkate mweupe na kinakaa. Alipima mpaka uzito wa choo cha watu, na hakuona haya. Wazo lake lilibishaniwa sana. Majaribio mawili makubwa ya Marekani yaliyotoka mwaka 2000 hayakuona faida ya makapi dhidi ya vinyama vya utumbo. Lakini utafiti wa EPIC, uliofuata watu zaidi ya 500,000 kwenye nchi 10 za Ulaya, ulionyesha mwaka 2003 kwamba wanaokula makapi mengi wanapata kansa hiyo kidogo zaidi. Leo wengi wanakubali kwamba mzee alikuwa na haki kwa sehemu kubwa.

Basi vijana wa Lubumbashi wakisoma hayo wanasema: acheni unga mweupe, kuleni unga usiokobolewa! Polepole. Kwenye mahindi, ukungu unakaa hasa upande wa nje, kwenye ganda na kiini. Ukikoboa, unatupa makapi ya Burkitt, lakini unatupa pia sehemu kubwa ya aflatoksini. Ukisaga mzima, unabaki na vyote viwili. Mama wa kinu cha mtaa anayekoboa mahindi na kuyaloweka kabla ya kutwanga anajua kitu, hata kama hajui jina lake. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, unga wa mahindi mazima ni mzuri kwa yule aliyeona mahindi yake kabla ya kusagwa, yamekauka na yamechaguliwa. Kwa yule anayenunua bila kujua yametoka wapi, ninamwambia atafute makapi kwenye maharagi, kwenye matembele, kwenye lengalenga, kwenye viazi vitamu, na bukari aipunguze kidogo. Hiyo ya kupunguza ina maana kubwa kuliko inavyoonekana: mtu anayekula mahindi asubuhi kwa uji, mchana kwa bukari, usiku kwa bukari, ameweka mayai yake yote kwa kuku mmoja.

Na mahindi yaliyooza sana, yale ambayo hata nguruwe anayakataa? Yanaenda kwenye pombe. Nitasema kifupi, maana lutuku ni mada ya siku nyingine na marafiki wengi watanikimbia. Ukitonesha pombe kali, aflatoksini nyingi inabaki chini kwenye chungu, haipandi na mvuke. Lakini kwenye pombe isiyotoneshwa inabaki, njo maana Peers na Linsell walipima pombe ya Murang'a. Na pombe yenyewe, hata ikiwa safi kama maji ya mvua, iko kwenye kundi la 1 la Lyon tangu 1988. Mwisho wa miaka ya 1960 mtu wa jiografia, Neil McGlashan, alifuatilia kansa ya umio kwenye hospitali za Zambia na Malawi, akaona inatembea na kachasu. Kachasu ya kule ndiyo lutuku ya huku. Mpaka unabadilisha jina tu.

Je, kuna mahali walipofanya kitu na kansa ikapungua? Ndiyo. Qidong, China, karibu na Shanghai, ilikuwa nchi ya mahindi na ya kansa ya ini. Miaka ya 1980 sera ya chakula ilibadilika, watu wakaweza kununua mchele, mahindi yakatoka mezani. Watafiti waliopima damu zilizokuwa zimehifadhiwa waliona aflatoksini inashuka mwaka hata mwaka. Na vifo vya kansa ya ini kwa watu wa chini ya miaka 35 vilipungua zaidi ya nusu kutoka kizazi cha miaka ya 1960 mpaka cha miaka ya 1980, ingawa wote walizaliwa kabla ya chanjo ya hepatiti B kuwafikia watoto wote. Walichobadilisha ni sahani. Lakini sisi hatuna mchele wa bei ya Qidong, kwa hiyo mfano huo unaniridhisha nusu.

Ule unaoniridhisha ni wa Guinea, eneo la Kindia, vijiji 20. Vijiji 10 walifundishwa mambo ambayo yangemfanya kambo acheke: chagueni kwa mkono, anikeni juu ya mikeka na si juu ya udongo, hakikisheni zimekauka, wekeni kwenye magunia ya katani na si ya plastiki, inueni magunia juu ya mbao, zuieni wadudu. Vijiji 10 vingine waliachwa na desturi zao. Miezi 5 baada ya mavuno walipima damu ya watu. Kwenye vijiji vilivyofundishwa, alama ya aflatoksini ilikuwa chini ya nusu ya vile vingine. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Mikeka na vidole! Kuna pia Aflasafe, kazi ya IITA, ambapo unamwaga shambani kuvu ndugu yake asiyetoa sumu, naye anamnyang'anya mbaya nafasi. Kenya, Nigeria na Zambia wameisajili. Ni dawa nzuri, ila inahitaji duka, pesa na mtu wa kuileta. Mkeka upo.

Msimu uliopita, mimi na wenzangu wawili waliomaliza pamoja nami tulikaa na wamama 9 wanaouza karanga hapa Mokambo. Tukaleta mikeka na magunia ya katani, tukachagua pamoja mfuko mzima. Ilituchukua nusu ya siku. Mbovu zilijaa meka moja na kidogo. Mama mmoja, mwenye duka lake la meza tangu mimi nikiwa primaire, akaitazama ile meka akasema: "Mwanangu, umesoma, ni muzuri. Hii nani atanilipa?" Mwenzake akajibu haraka, tutawapa kuku. Nikawaeleza habari ya bata mzinga wa Uingereza kama nilivyoieleza hapa, wakacheka mpaka machozi, kisha wakanyamaza. Kukamua mafuta? Sumu nyingi inabaki kwenye mashudu, na mashudu yanarudi kwa kuku. Tulizichoma kwenye jiko la kupikia pombe la jirani, na zinawaka vizuri sana kwa sababu ya mafuta. Hesabu yetu ya sasa ni hii: karanga iliyochaguliwa ipande bei kiasi gani ku Lubumbashi ili ilipe ile meka iliyochomwa. Maduka mawili ya mjini yamekubali kujaribu. Wamama wanataka jibu kabla ya mwezi wa 3, kabla hawajaanza kung'oa, na anayejua mnunuzi mwingine atuandikie.